Mgeni na Shamba: Unapofika Fizi na Baraka, Utegemee Nini?

Leo nasema hasa na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wewe uliyefika karibuni Baraka, Mboko, Lusenda, Fizi-Kati au kijiji kingine cha teritwari yetu, na mali yako yote ni godoro moja, sufuria na watoto. Wa pili ni wewe shefu wa lokalite, kapita, au mzee wa ukoo, ambaye mgeni huyo atakuja kukaa mbele yako na kuomba mahali pa kulima.

Kuna methali ambayo wote tunaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali nzuri, na watu wa Fizi wanaifuata kweli. Lakini mimi nimesoma sheria, na kazi ya mtu wa sheria ni kuuliza maswali ya kuudhi. Basi nauliza: siku ya tatu mgeni amepewa jembe, je, atalima shamba la nani? Kwa muda gani? Atapanda nini? Methali haisemi. Magomvi mengi niliyoyaona katika kazi yangu yamezaliwa hapo hapo, katika neno ambalo mwenyeji hakulisema kwa sababu ya haya, na mgeni hakuliuliza kwa sababu ya njaa.

Kwanza nikuambie mahali ulipofika. Baraka iko kwenye ghuba ambayo ramani zinaiita Ghuba ya Burton, mbele ya rasi ya Ubwari. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, nasi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua utaliona. Aliyetoka nyanda za juu, Minembwe au Itombwe, ambako asubuhi watu huvaa makoti, atashangaa siku ya kwanza na kuugua siku ya kumi. Jua hilo ni mali: ndilo linalokausha muhogo uliolowekwa, ndilo linalokausha ndakala zilizoanikwa mchangani, na kama hakuna jua wiki nzima mama za hapa hulalamika kuliko walimu wasiolipwa. Lakini pamoja na jua kuna mbu. Mtoto wa mlimani hajazoea malaria ya ziwa. Tafuta chandarua kabla ya kutafuta mbegu. Na maji ya ziwa, hata yakionekana safi, yachemshe, maana kipindupindu hurudi mara kwa mara kandokando ya ziwa letu.

Mvua huanza Septemba au Oktoba na kwenda hadi Mei. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi. Msimu wa kwanza, ule ambao maagronomu wanauita A, tunapanda Septemba na Oktoba. Msimu B tunapanda Februari na Machi. Wakati wa kiangazi watu hushuka mabondeni, penye unyevu, wakapanda mboga na mahindi kidogo. Ukifika Novemba bila shamba, usilie kwamba mwaka umepotea. Omba bonde, uliza juu ya Februari, na wakati huo fanya kibarua kwenye shamba la mwenyeji, kwa maana hapo ndipo watu watakapokujua mkono wako.

Utakuta muhogo kila mahali. Kuna mahindi, karanga, mpunga kwenye mabonde, maharage upande wa milimani, na mingazi, ile michikichi inayotupa mawese. Juu ya muhogo nakupa shauri moja: usichukue vijiti vya kupanda ovyo njiani. Ugonjwa wa mozaiki, ule unaokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano, husafiri ndani ya kijiti. Ukipanda kijiti kigonjwa unajiibia mwaka mzima, na unamwambukiza jirani aliyekupokea.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe. Teritwari ya Fizi ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 15,000, yenye sekta 4: Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja. Mgeni akipanda gari kutoka Uvira akaangalia vilima upande wa kuume, anaona nyasi na miti, anasema moyoni: hapa ardhi ni tele, haina mwenyewe. Ndugu, hilo ndilo kosa la kwanza. Kila kilima unachokiona, kila kijito, kina ukoo unaokitaja kwa jina. Wenyewe wanaweza kuwa Kigoma, wanaweza kuwa Bukavu, wanaweza kuwa makaburini, lakini jina liko. Nyasi unazoziona si ushahidi kwamba hakuna mwenyewe. Mara nyingi ni ushahidi kwamba palikuwa na vita.

Hapa inafaa turudi nyuma katika historia, maana kufika kwako si jambo jipya. Wazee wa Babembe wenyewe wanasimulia kwamba mababu zao walitoka upande wa magharibi, walikokuwa jirani na ndugu zao Balega, wakashuka kidogo kidogo kuelekea ziwa na kukuta watu wengine. Kuna Babuyu, kuna Bazoba na Babwari wa ziwani, kuna Masanze. Kuna Bafuliru na Bavira waliokuja kutoka kaskazini, na Banyamulenge na ng'ombe wao kwenye nyanda za juu. Sisemi haya ili mtu yeyote aambiwe kwamba si mwenyeji. Tumeona neno hilo lilivyoua. Nasema ili ujue kwamba kila ukoo hapa una hadithi ya siku ulipofika, na katika hadithi hiyo kuna mtu aliyewapokea.

Katika karne ya 19 walikuja wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka Ujiji. Wao ndio waliotuachia lugha hii ninayosema nawe, na dini ya Kiislamu ambayo mpaka leo ina watu wengi Baraka. Pia walichukua watumwa. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walijenga misheni Kibanga, upande wa Ubwari. Waliweka hapo watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, wakawapa viwanja na mashamba, na watu wengine waliowakimbia wawindaji wa watumwa wakaja kujenga karibu nao. Kwa lugha ya leo tungesema ilikuwa kambi ya deplase yenye mashamba. Lakini magonjwa yaliwamaliza. Askofu wao Bridoux alifia hapo mwaka 1890, na mwaka 1893 misheni iliachwa. Ninaitaja Kibanga kwa sababu watu wengi wanafikiri kuhama na kuomba shamba ni aibu iliyoanza na vita vyetu. Hapana. Pwani hii imepokea waliokimbia kwa zaidi ya miaka 140.

Wabelgiji walipotawala hawakukuta mwami mmoja mkubwa wa Babembe wote. Walikuta koo nyingi, kila moja na kilima chake na lubunga lake, yaani baraza ya wanaume ambamo maneno yanakatwa. Serkali ya kikoloni haikupenda kusema na watu wengi. Kwa dekri ya tarehe 5 Desemba 1933 iliweza kuunganisha koo ndogo ndogo katika sekta. Matokeo yake tunaishi nayo hadi leo. Shefu wa sekta ni mtu wa serkali. Muhuri anao, lakini shamba la kukupa mara nyingi hana. Mwenye shamba ni ukoo. Mgeni anayekwenda kwenye ofisi tu, asiende kwa mzee wa kilima, amefanya nusu ya kazi. Na anayekwenda kwa mzee tu bila kumjulisha shefu, amefanya nusu nyingine.

Baadaye ikaja sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Nataka uisikie vizuri, maana watu wanaisema kwa nusu. Sheria hiyo inasema udongo wote ni mali ya Taifa, isiyoweza kuuzwa kuwa mali ya mtu milele. Mtu hupata haki ya kuutumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa sertifika ya uandikishaji inayotoka kwa mtunza hati wa serkali. Halafu kifungu cha 389 kinasema kwamba haki za watu wanaokaa kwenye ardhi kwa desturi zitapangwa kwa ordonansi ya Rais. Watu walingoja. Rais wa Zaire hakuitoa. Vita vikaja, marais wengine wakaja, miaka 50 ikapita tangu sheria ile bila ordonansi hiyo. Katika pengo hilo ndimo familia nyingi za Fizi zimelima, zimezaliana na kuzikana. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, imesaidia kidogo: inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Na kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kutembea na kukaa popote nchini. Kwa hiyo bwana asikudanganye kwamba huna ruhusa ya kukaa Baraka kwa sababu umezaliwa kwingine. Lakini wewe nawe usijidanganye kwamba haki ya kukaa ni haki ya shamba la mwenzako. Ni mambo mawili.

Nikirudi kwenye vita, nitavitaja kwa ufupi, maana wengi mnavijua kwa miili yenu. Mwaka 1964 vita vya Mulele vilifika huku, na vilima vya Fizi vikawa maficho kwa miaka mingi. Hata Che Guevara alikuja mwaka 1965, akakaa miezi 7 hivi, akavuka ziwa akaenda zake. Yeye angalau hakuomba shamba. Wananchi walikimbilia misituni, wengine Kigoma. Familia za Banyamulenge nazo zilihama kutoka Itombwe, nyingine zikashuka upande wa Baraka. Mwaka 1996 Banyamulenge waliokuwa wakikaa Baraka na Lweba waliuawa au kufukuzwa, na baada yao raia wa makabila mengine waliuawa vilevile. Mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999 mamia ya raia waliuawa Makobola. Sitapima hapa ni machozi ya nani yaliyo mengi. Ninachotaka uone ni kwamba kila mara watu walipokimbia, mashamba hayakubaki matupu. Aliyekimbia kutoka mlimani alikuta shamba la aliyekimbia kutoka ziwani.

Mimi ni mmoja wa hao. Mwaka 1996 nilivuka ziwa nikiwa na miaka 4. Nilikulia kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma, ambako tulikatazwa kwenda zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi. Baba yangu, mkulima tangu utoto, alikuwa akipanda nyanya katika mistari miwili kati ya nyumba yetu na ya jirani. Kuanzia Oktoba 2005 HCR ilianza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, na sisi tuliingia mwaka uliofuata. Nilikuwa kijana wa miaka 14. Nilitegemea kuona shamba ambalo baba alilisimulia kila jioni kwa miaka 10, mwembe uko wapi, kijito kinapinda wapi.

Mwembe tuliukuta. Chini yake alikuwa amekaa mtu tusiyemjua, na nyuma yake kulikuwa na mingazi 40 hivi, mirefu, yenye kuzaa. Mtu yule alitoka milima ya Ngandja, alikimbia huko mwaka 1999, na kapita wa wakati ule alimweka hapo akamwambia: lima, wenyewe hawapo. Basi alilima. Baba akamwambia, ondoka, hili ni shamba la babu yangu. Yeye akajibu, nionyeshe karatasi. Baba hakuwa na karatasi. Yeye pia hakuwa nayo. Kapita alikuwa amekwisha kufa. Misimu miwili shamba lilikaa nusu limelimwa, nusu nyasi, na usiku mmoja mtu asiyejulikana alikata mingazi 3. Asubuhi yake niliogopa kwa mara ya kwanza tangu turudi.

Jambo ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile, na labda ndilo lililonipeleka kusoma sheria Bukavu, ni hili: hakuna aliyesema uwongo. Baba alisema kweli, na mtu yule alisema kweli. Kapita naye, alipomwambia alime, alifanya huruma. Alisahau tu kumwambia mpaka lini, na asipande nini.

Wazee walipoketi, walikaa siku 3. Mwishoni walikubaliana hivi. Mingazi ni jasho la aliyepanda, kwa hiyo ataendelea kuvuna ngazi, na sehemu yake atamgawia baba, kwa miaka 6. Ardhi ni ya ukoo wetu, kwa hiyo hatapanda mti mwingine hata mmoja. Baba atalima sehemu ya chini mpaka kijitoni mara moja, bila kungoja. Na mzee wa ukoo wa jirani akampa yule mtu kipande kingine, mbele ya mashahidi. Waliandika kwenye karatasi ya daftari la shule, wakatia vidole. Mama bado anayo.

Sasa utaelewa kwa nini ninakusihi, mgeni mpendwa, juu ya miti. Hapa kwetu mmea una lugha. Karanga na mahindi hukaa miezi 3 au 4, zinasema, ninapita. Muhogo hukaa mwaka, wakati mwingine zaidi. Unasema, naomba univumilie. Lakini mngazi huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4 na utazaa mpaka watoto wako wawe na watoto. Ukipanda mngazi, mwembe au migomba kwenye shamba la kuazima, mwenyeji anasikia unasema, hapa ni kwangu. Labda wewe ulitaka kivuli tu. Uliza kwanza. Hata muhogo uuzie maneno: mwambie mwenye shamba kwamba unapanda muhogo, na kwamba akitaka shamba lake akungoje uvune.

Mapatano ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni mepesi. Mwenyeji atakupa kipande kidogo bure, au kwa sehemu ya mavuno, au kwa pesa za msimu. Kila namna ina hatari yake. Ile ya bure ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu watu hawaisemi. Mwaka wa tatu mwenyeji anaanza kuona mtoto wako amevaa viatu, jirani anamwambia, angalia mgeni wako anavyotajirika, na urafiki unaharibika. Heri ukubaliane tangu mwanzo hata kikapu kimoja cha karanga kila mavuno. Kikapu hicho kinasema mbele ya wote kwamba wewe unajua shamba ni la nani. Wafugaji wanaijua desturi hii. Kwao inaitwa itulo, kitu ambacho mwenye ng'ombe humpa shefu wa mahali anapolisha. Itulo ikilipwa kwa mkono wazi na kupokelewa mbele ya watu, imeleta amani miaka mingi. Ikidaiwa mara mbili na watu wawili, au ikidaiwa na mtu mwenye bunduki, imekuwa mbegu ya vita.

Na kwa kuwa nimetaja ng'ombe: ukipewa shamba upande wa Lulenge au Ngandja, uliza ng'ombe hupita wapi. Wakati wa kiangazi makundi hushuka kutoka nyanda za juu kutafuta majani. Zamani, shamba likiwa la mahindi, mwezi wa Juni limekwisha kuvunwa na ng'ombe hakosi kitu cha haki. Lakini muhogo bado umesimama. Tangu watu wengi wapande muhogo, hakuna mwezi ambao mashamba yote ni matupu. Si kwamba mfugaji wa leo ni mbaya kuliko baba yake, wala mkulima wa leo. Mgeni asiyejua, akipanda muhogo katikati ya njia ya ng'ombe, anawasha moto ambao hataweza kuuzima yeye.

Usitegemee pia kwamba ziwa litakulisha ukikosa shamba. Uvuvi una wenyewe, una vifaa, na samaki wamepungua. Nchi 4 za ziwa zilikubaliana kufunga uvuvi kwa miezi 3 ili samaki wazae. Maji yenyewe yamepanda miaka ya karibuni na kuingia nyumba za watu Uvira na Baraka, kwa hiyo mtu akikupa kiwanja karibu sana na maji, bei yake rahisi ina sababu. Na dhahabu ya Misisi nitaiacha kwa siku nyingine. Vijana wengi wameacha jembe wakaenda huko; waliorudi na kitu ninaweza kuwahesabu.

Sasa naomba ruhusa niseme na waheshimiwa mashefu. Bwana shefu, najua mzigo wako. Mwaka 2015 Warundi walikuja, tukafungua Lusenda, na ilipojaa ikafunguliwa Mulongwe. Hasa tangu 2019 vijiji vya nyanda za juu vimeungua na watu wa makabila yote wameshuka. Mwaka 2025 Goma ilipoanguka mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, wengine walishuka Uvira na kuendelea hadi kwetu. Vijiji vyako vimewapokea watu hawa katika nyumba, siyo katika mahema tu, na hayo mara nyingi hayasemwi kwenye ripoti.

Lakini naomba usifanye kama kapita wetu. Usimwambie mgeni, lima, wenyewe hawapo. Mwambie: wenyewe ni fulani, wako mahali fulani, wakirudi utavuna kilicho shambani kisha tutakaa pamoja. Andika. Daftari la shule linatosha: jina la mwenye shamba, jina la mgeni, mipaka (mwembe, kijito, jiwe), muda, mimea iliyoruhusiwa, na kinachotolewa. Mashahidi wawe watu 4, na tafadhali wawe wa pande mbili, na mama wawili kati yao. Nasema mama kwa sababu. Wanaojua mpaka wa shamba ni wale wanaoinama humo kila siku. Na mgeni wako anaweza kuwa mjane. Usingoje aje na shemeji. Sheria ya jamaa ya 1987 haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike katika urithi, kwa hiyo mtoto wa kike aliyerudi kutoka Tanzania peke yake akitaja shamba la baba yake, msikilize kama ungemsikiliza kaka yake.

Na karatasi hiyo iite kwa jina lake. Ni mapatano, si sertifika. Nimeona mahali fulani karatasi za muhuri zilizouzwa kwa wageni wawili juu ya kilima kimoja. Sitataja ni wapi. Shefu hawezi kuuza ardhi ya ukoo kama mtu anavyouza baisikeli, na mgeni anayenunua hivyo amenunua kesi.

Kabla ya kufunga, kuna swali tulilopokea kutoka kwa baba mmoja, na nimeona ni la wengi. Anauliza: nimelima shamba hili miaka 12, hakuna aliyenisumbua, sasa mtoto wa mwenyewe amerudi, je, si langu? Baba, nakujibu kwa heshima. Ikiwa uliingia kwa kuazimwa, miaka peke yake haigeuzi azima kuwa mali. Lakini yeye naye hawezi kukufukuza leo na muhogo wako uko ardhini. Ulichopanda kwa ruhusa ni jasho lako, unapaswa kupewa muda wa kuvuna, na miti uliyopanda kwa ruhusa inahesabiwa. Usiende peke yako kumkabili, na usimpeleke mwanao kijana. Mwite mzee wa ukoo, mwite shefu, tafuta aliyekuwepo siku ulipopewa. Wakishindwa, kuna kamati za upatanisho, na baada yake kuna korti ya amani. Korti ninaiheshimu, ni kazi yangu. Lakini korti itampa mmoja shamba na kumpeleka mwingine nyumbani mtupu, na kesho mtakutana kwenye kijito kile kile mkichota maji.

Baba huyu ameandika pia kwamba mtoto yule amerudi na mke na watoto wawili, na wanalala kanisani. Basi nina swali kwake nami: shamba hilo lina ukubwa gani? Atujibu. Juma lijalo, saa hii hii, nitakuwa na mkulima mmoja wa Lulenge na mfugaji mmoja, na tutazungumza juu ya njia za ng'ombe kabla kiangazi hakijafika.